Cheche Zisizohesabiwa na Dashibodi

Mwenye Subaru Impreza WRX STI atakayefungua boneti ili azitazame plagi za gari lake hataziona. Silinda nne za injini yake hazikusimama wima kama za magari mengi, bali zimelala, mbili kuelekea gurudumu la kulia na mbili kuelekea la kushoto, na plagi zimechomekwa ubavuni kabisa, mahali ambapo kati ya injini na chesi mkono wa mtu mzima hupenya kwa taabu. Kuzifikia za upande mmoja hapana budi betri na chupa ya maji ya waipa vitolewe, na kuzifikia za upande wa pili sharti sanduku la eya klina liondoke. Hivyo kazi ambayo katika gari jingine ni ya nusu saa, katika hili huweza kumaliza asubuhi nzima. Nadhani hapo ndipo lilipo chimbuko la swali ambalo vijana wenye magari haya, kutoka Mombasa hata Nairobi na Dar es Salaam, huwauliza mafundi wao bila kuchoka: plagi za gari la kasi hubadilishwa baada ya muda gani? Anayeuliza, aghalabu, anatamani kuambiwa kuwa muda haujafika.

Mapenzi ya watu wa nchi hizi kwa gari hili hayakuzuka bure. Safari Rally, mashindano yaliyoanza mwaka 1953 yakipita Kenya, Uganda na Tanganyika, yalitwaliwa na Subaru Impreza mwaka 1997 mikononi mwa Colin McRae, na tena mwaka 2000 mikononi mwa Richard Burns, na watoto waliosimama kando ya barabara siku hizo wakimezwa na vumbi ndio leo wanaoyaagiza magari hayo Japani, yakiwa yameshatumika, na kuyapokea katika bandari ya Mombasa kwa furaha isiyo kifani.

Kitabu cha gari hili kilichotolewa Marekani kinataka plagi zibadilishwe kila maili 60,000, yaani kilomita takriban 96,000. Hesabu hiyo si ya uongo, wala walioiandika hawakukosa maarifa. Lakini iliandikwa kwa ajili ya gari jipya, lenye plagi halisi, linalokwenda katika barabara zisizo na foleni nyingi, likinywa petroli ambayo mtengenezaji aliikusudia. Kila sharti moja kati ya hayo likiondoka, hesabu nayo hupungua, na kwetu sisi huondoka yote kwa pamoja.

Tufanye hesabu yetu wenyewe. Katika injini ya namna hii kila plagi hutoa cheche moja kwa kila mizunguko miwili. Gari likienda kilomita 100 kwa saa, injini ikizunguka mara 2,600 kwa dakika, kila plagi itatoa cheche 780 katika kilomita moja. Gari lilo hilo likiwa katika msongamano wa mjini, likijikokota kwa kilomita 20 kwa saa na injini ikizunguka mara 2,000, kila plagi itatoa cheche 3,000 katika kilomita hiyo moja, karibu mara nne ya zile za njia kuu. Na likisimama katika foleni ya feri ya Likoni kwa muda wa saa nzima, injini ikinguruma taratibu kwa mizunguko 700 ili baridi ya kiyoyozi isikatike, plagi itatoa cheche 21,000, ilhali dashibodi haikuongeza hata kilomita moja. Mwenye gari husoma kilomita, akajiona ana wasaa. Plagi nayo huhesabu cheche, na kila cheche hung'oa chembe ndogo mno ya madini kutoka katika ncha yake.

Fauka ya hayo, kusimama huko kuna madhara mengine yasiyoonekana. Plagi imeundwa iishi katika moto wa kadiri maalumu: ncha yake ikipungua nyuzi 450 hivi haiwezi kujisafisha, masizi yakaigandamia, ikizidi nyuzi 850 au karibu yake, yenyewe hugeuka kaa la moto likawasha petroli kabla ya wakati wake, na pistoni ikapata jeraha. Ndiyo maana watengenezaji huzipa plagi madaraja ya joto, na mnunuzi yampasa ajihadhari hapa, kwa kuwa NGK na Denso huandika namba kubwa kwa plagi iliyo baridi zaidi, ilhali Bosch na Champion hufanya kinyume chake. Gari la kasi huvaa plagi za baridi, zinazotoa joto upesi, kwa ajili ya siku litakapokimbia. Likitumiwa kwa foleni peke yake, hizo ndizo plagi zinazowahi kushikwa na masizi. Gari la mbio linaloishi maisha ya teksi huchosha plagi zake upesi kuliko teksi yenyewe.

Mimi somo la plagi nililijua kwa gharama. Gari langu lilipofika kutoka Japani likiwa na kilomita 84,000 katika dashibodi, fundi wangu, mzee ambaye ameshika spana tangu mimi sijazaliwa, alizivua plagi zote nne akazipanga mezani, akapima pengo ambalo mafundi hupenda kuliita gepu. Lililopaswa kuwa kati ya milimita 0.7 na 0.8 lilikuwa limefika 1.1. "Mwanangu," akaniambia, "hizi zishakula umri wao. Kanunue nyingine, na usitafute za rahisi."

Nikatafuta za rahisi. Duka moja lilinipa plagi zilizoandikwa iridiamu kwa nusu ya bei niliyotajiwa kwingine, na mimi, kwa kuridhishwa na pakiti, sikutazama kilichomo ndani. Haukupita muda mrefu, nikawa njiani kuelekea Voi, usiku, nikataka kulipita lori refu lililosheheni saruji. Nilikanyaga mafuta, turbo ikaanza kupuliza, na papo hapo injini ikakatikakatika, ikitetemeka kama mtu aliyeshikwa na homa, taa ya injini ikawaka na nguvu zikaniishia ubavuni mwa lori, huku taa za gari jingine zikinijia mbele. Nilirudi nyuma ya lori kwa salama, nikimshukuru Mungu. Mafundi husema gari limemisi. Neno ni dogo, lakini aliyemisiwa na gari mahali kama pale hulisikia uzito wake.

Kwa nini injini iliyotembea vyema kwa mwendo wa pole ikakataa pale pale nilipoihitaji? Friedrich Paschen, mwanafizikia wa Kijerumani, alionyesha mwaka 1889 kwamba nguvu ya umeme inayotakiwa ili cheche ivuke pengo hutegemea upana wa pengo hilo pamoja na mgandamizo wa hewa iliyomo ndani yake. Turbo kazi yake ni kushindilia hewa ndani ya silinda. Kwa hiyo dereva anapokanyaga mafuta, cheche hutakiwa ivuke ukuta mzito zaidi, na koili hulazimika kusukuma volti kwa maelfu mengi kupita ilivyozoea. Pengo likiwa limepanuka, umeme hushindwa kuruka au hutafuta njia nyingine juu ya kauri ya plagi, na petroli hutoka haikuungua, ikaenda kuunguzwa ndani ya ekzosi, ikiharibu kisafisha moshi ambacho bei yake ni mara nyingi ya seti ya plagi. Koili nazo, zikikazwa hivyo kila siku, hufa moja baada ya nyingine.

Fundi alipozitoa zile plagi zangu alinionyesha nilichopaswa kukiona dukani. Plagi ya iridiamu iliyo halali ina ncha nyembamba kama sindano, milimita 0.6, na nyingine 0.4 tu, kwa sababu iridiamu, madini ambayo Smithson Tennant aliyatambua London mwaka 1803 na ambayo siku hizi huchimbwa zaidi Afrika Kusini, hayayeyuki mpaka nyuzi 2,446, ilhali nikeli huyeyuka kwa nyuzi 1,455. Ugumu huo ndio unaoiruhusu ncha iwe nyembamba bila kuliwa upesi. Zangu zilikuwa na ncha nene ya nikeli iliyochongwa tu mwishoni ili ifanane. Pengo lake lilikuwa halilingani katika plagi zote nne, na maandishi juu ya kauri yalifutika kwa kidole chenye petroli.

Sasa nitaje hesabu ninayoishika mimi, nikijua kuwa wapo mafundi watakaohitilafiana nami. Gari lililonunuliwa likiwa limeshatumika, plagi zake zibadilishwe juma la kwanza, hata kama muuzaji ataapa kuwa ni mpya, maana kilomita za dashibodi hazina shahidi. Gari ambalo halikuongezwa nguvu, lenye iridiamu za kweli, livuliwe plagi na kukaguliwa kila kilomita 20,000, na zibadilishwe kati ya 50,000 na 60,000, bila kungoja zile 96,000 za kitabu. Lililoongezwa msukumo wa turbo na kubadilishiwa programu ya kompyuta, 30,000 zinalitosha. Wanaopenda plagi za nikeli zenye kiini cha shaba, nao wana hoja kwa kuwa ni za bei nafuu na umeme hupita ndani yake vyema, wazibadilishe kila 15,000. Wanaokwenda mashindanoni hawahitaji ushauri wangu; wao hufuata kalenda ya mashindano.

Lakini juu ya namba zote hizo naiweka plagi yenyewe, kwa kuwa ndiyo shahidi pekee aliyekuwamo ndani ya moto. Kauri yake ikiwa na rangi ya kijivu au hudhurungi hafifu, injini ni nzima. Ikiwa nyeusi na kavu, petroli imezidi au safari zimekuwa fupi mno. Ikiwa imelowa oili, tazama ringi na turbo, usilaumu plagi. Ikiwa nyeupe kama mfupa, yenye malengelenge, joto limepita kiasi. Na ukiona vinukta ving'aavyo vya alumini juu yake, zima gari usiliwashe tena, kwa sababu hiyo ni pistoni yako inayoyeyuka kidogo kidogo. Hatari hii kwetu ni kubwa, maana petroli ya daraja la juu ambayo Wajapani huyanywesha magari haya hukaribia kiwango cha okteni cha 100, nayo ya vituo vyetu vingi ni 93 au 95, na injini iliyopangwa kwa ile hugonga kwa hii.

Kazi yenyewe ifanywe injini ikiwa imepoa. Plagi ianze kufungwa kwa vidole, maana silinda hedi ni ya alumini na thredi zake zikiharibika mara moja huwa ni hasara kubwa. Ikishafika washa yake mpya ikakaa, izungushwe nusu ya mzunguko au zaidi kidogo, isipakwe grisi kwenye thredi, wala ncha ya iridiamu isiguswe na chombo cha kupimia gepu.

Zile nne za kwanza, zilizotoka Japani ndani ya gari, ninazo bado katika kisanduku, kila moja imeandikwa namba ya silinda yake. Jumamosi iliyopita tulizivua za sasa, fundi nami, tukaziweka sambamba na zile juu ya gazeti, tukazigeuza moja moja katika mwanga wa mlangoni. Tatu zilikuwa na rangi ya hudhurungi hafifu. Ya silinda ya nne ilikuwa imeanza weusi. Fundi aliitazama kitambo, akaifuta, akairudisha mahali pake, kisha akaandika kwa kalamu ya rangi chini ya boneti: silinda 4, itazamwe tena 118,000.