Kompyuta Yenye Kufuli Huko Keroka

Sisi watu wa pwani tukitajiwa Kisii hukumbuka mambo matatu: ndizi, mawe laini ya Tabaka ambayo huchongwa na kuuzwa katika maduka ya vinyago Mombasa, na baridi. Mimi sasa nimeongeza la nne, nalo ni kompyuta ya shemeji yangu.

Shemeji ni Mkisii aliyesilimu alipokuwa akifanya kazi Mombasa. Akamwoa ndugu yangu mdogo, na alipostaafu wakahamia kwao bara. Nyumba yao iko ukingoni mwa Keroka, mji ambao sehemu yake ni ya kaunti ya Kisii na sehemu ni ya Nyamira, hata mtu huweza kununua majani ya chai katika kaunti moja na sukari katika kaunti ya pili pasipo kupanda gari. Nilikaa kwao siku tisa, na katika siku hizo sikusikia habari iliyojadiliwa zaidi ya ile mashine.

Imewekwa sebuleni, kioo kikielekea mlangoni, ili kila apitaye aone kinachofanyika. Ni ya mezani, si ya kubebwa, na hilo shemeji alilikusudia tangu siku ya kuinunua. Ukiiwasha utakuta programu ya kuandikia, jedwali la hesabu, kikokotoo, kamusi, visomo vya Qur'ani vya kusikiliza, na makala za Wikipedia zilizohifadhiwa ndani kwa programu iitwayo Kiwix, ambayo humwezesha mtu kuzisoma pasipo intaneti. Michezo hakuna, wala filamu.

Kufuli yake ni ya namna mbili. Kwanza, mashine ina wenyeji wawili: msimamizi, ambaye ni shemeji, na mtumiaji wa kawaida, ambaye ni kila mtu mwingine. Huyu wa kawaida aweza kuandika na kuhifadhi kazi yake, lakini akitaka kuingiza programu mpya huulizwa neno la siri la msimamizi. Pili, katika mipangilio ile ya ndani ambayo mashine huisoma kabla haijaamka vyema, shemeji amekizima kifaa cha kunasa mawimbi ya intaneti, na hapo pia ameweka neno la siri. Kijana mjuzi mwenye bisibisi aweza kuyavunja yote hayo kwa adhuhuri moja. Shemeji anajua. Anasema kufuli ya mlango wake nayo haimzuii mwizi mwenye shoka, ila humpa mtu nafasi ya kufikiri mara ya pili.

Majirani humcheka. Mmoja alisema hii ni sawa na kufuga ng'ombe wa maziwa kwa ajili ya samadi tu.

Lakini shemeji hakuanza jambo hili kwa ukaidi. Mtoto wa kaka yake alipewa karo aipeleke shule, akaimaliza yote kwa simu akibahatisha matokeo ya mpira wa Ulaya, na muhula ule akakaa nyumbani akichuma chai. Sababu ya pili ni ya asili ya kabila lao. Wakisii wana mwiko waitao chinsoni, yaani haya na staha baina ya mzazi na mwana. Mathalani baba haingii nyumba ya mwanawe aliyeoa, na maneno ya faragha hayatamkwi mbele ya vizazi viwili. Msomaji wa pwani hahitaji kufasiriwa sana, maana nasi tumelelewa hivyo hivyo. Basi fikiri picha ya utupu ijitokeze pasipo kuitwa kwenye kioo kilicho sebuleni, baba na bintiye wakitazama pamoja. Shemeji aliniambia kwamba angeona afadhali nyumba iungue.

Wala wazo lake si geni kwa serikali. Vishikwambi vilivyoanza kugawiwa wanafunzi wa darasa la kwanza mwaka 2016, badala ya zile kompyuta za kubebwa zilizoahidiwa katika uchaguzi wa 2013, vilikuja vikiwa na masomo yaliyoidhinishwa na taasisi ya mitaala, KICD. Zaidi ya vifaa milioni moja viligawiwa nchini kwa mpango huo. Mtoto wa miaka 6 alipewa chombo kilichokwisha kuchaguliwa yaliyomo, na wazazi wengi walishukuru.

Walakini mpwa wangu hana miaka 6. Ana 18, amemaliza kidato cha nne na kufaulu, na maombi ya kupangiwa chuo hupelekwa KUCCPS kwa njia ya intaneti tu, kabla ya tarehe ya mwisho. Kwa kuwa nyumbani intaneti imefungwa, alikuwa akishuka mjini kwenye duka la kompyuta, akikaa baina ya wavulana asiowajua, kila mmoja akitazama apendalo. Juma zima alikwenda akirudi, mara umeme umekatika, mara foleni. Hapa ndipo nilipoona kufuli imegeuka. Baba amemfungia binti mlango wa ndani, na kwa kufanya hivyo amemtoa barabarani.

Tena simu ya mamake ilikuwa juu ya kabati, na ndani yake imo dunia yote, pamoja na yale yaliyozimwa kwenye mashine.

Usiku mmoja baada ya isha nilimwambia, "Shemeji, mtoto mdogo humwekea ua asitumbukie kisimani. Huyu umekwisha kumtuma achote maji."

Alinyamaza. Ndugu yangu, ambaye huko Majengo hatukumzoea kuwa mnyamavu, akadakia: "Baba watoto, nikikutuma sokoni ukaninunulie samaki, nakufunga macho?"

Shemeji akasema tatizo si binti, ni walio nje wanaomwinda. Binti akajibu kwa adabu, macho chini: "Baba, hao niliwaona dukani. Hapa nyumbani sijawahi kuwaona."

Asubuhi shemeji aliingia katika mipangilio ya ndani, akawasha kile kifaa, akamfungulia bintiye mlango wake mwenyewe wenye neno lake la siri. Saa moja kila siku baada ya alasiri, mlango wa sebule wazi. Ule wa watoto wadogo haukuguswa, wala neno la msimamizi hakulitoa. Siku ya pili maombi ya chuo yalikwisha kupelekwa: uuguzi mbele, ualimu nyuma yake.

Kaka yake wa miaka 15 naye alikuja akidai saa yake. Shemeji alimweka mbele ya kibodi, akaifunika kwa kitambaa, akamwambia aandike ukurasa mmoja pasipo kutazama vidole. Nilipopanda basi la Mombasa alikuwa bado katika mstari wa tatu.