Usafi Ndani ya Tarakilishi

Wengi wetu tukisikia habari za usafi hukumbuka ufagio na zamu ya darasa. Kumbe hata programu za tarakilishi hufagiliwa!

Chukua Linux, iliyoanzishwa na Linus Torvalds wa Ufini mwaka 1991. Kiini chake ndicho kilicho ndani ya simu za Android. Sehemu moja ya kiini hicho hubeba mambo ya mtandao, na ikiharibika hata ujumbe wa "nimefika salama" haufiki. Kwa hivyo kila inapobadilishwa sharti ijaribiwe.

Majaribio mengi ni skripti za sheli, yaani faili zenye amri zinazofuatwa moja baada ya nyingine. Je, zitapatikana wapi mashine nyingi za kujaribia? Hapo ndipo pana ujanja. Linux yaweza kuigawa mashine moja iwe na vyumba viwili vya mtandao visivyoonana, kila kimoja na anwani zake. Skripti huviunganisha kwa waya wa kuwaziwa tu, kisha hutuma ujumbe kutoka hiki hadi kile. Ukifika, vyema.

Sasa shida ilikuwa hii. Kila mtu alijiandikia skripti yake kivyake, na wengi walipenda majina yale yale ya vyumba, kama ns1 na ns2. Skripti mbili zikiendeshwa pamoja, zinagongana. Nyingine ilikatika katikati ikaacha chumba hakijabomolewa, ndiposa iliyofuata ikaanguka ilhali kiini hakina kosa lolote. Ni kama kutumia chupa ya maabara ambayo Kidato cha Pili waliiacha na asidi ndani, halafu useme ati kemia ni uongo! Baya zaidi, jaribio likianguka ovyo ovyo watu huacha kulisikiliza, na siku kosa la kweli likija linapita tu.

Mwishoni mwa mwaka 2023, watengenezaji walianza kuzihamisha skripti hizo zitumie faili moja la pamoja, lib.sh. Ndani yake mna setup_ns, ambayo huunda chumba na kulibandika jina lake herufi na tarakimu sita za kubahatisha, ili lisifanane na la mwingine. Kisha kuna cleanup_ns ya kubomoa, na skripti huagizwa mapema kwamba ikitoka, hata kwa kuanguka, ibomoe kwanza.

Majibu nayo ni ya namna moja: 0 ni kufaulu, 1 ni kuanguka, 4 ni kurukwa kwa sababu mashine imekosa kitu kinachohitajika. Mimi naipenda hiyo 4. Skripti isiyoweza kujaribu haijisingizii kufaulu.

Na kungoja je? Skripti ikilala sekunde moja kisha ikatazame, mashine ya polepole itakuwa bado haijamaliza. Siku hizi busywait, iliyomo humo humo katika lib.sh, huuliza tena na tena mpaka jambo liwe tayari au muda uishe.