Mlango wa Daktari Unapofungwa



Miaka kadhaa iliyopita niliombwa nimsindikize mama mmoja wa kwetu kwa daktari wa mtaa, nikamtafsirie. Alipoulizwa anaumwa nini, alinigeukia mimi: "Kichwa, mwalimu, na usingizi hauji." Nikatafsiri kama alivyosema, akaandikiwa vidonge, tukarudi. Baadaye sana nikafahamu kwamba mumewe alikuwa akimpiga. Hakulisema mbele yangu kwa sababu mimi na mama mkwe wake tulikuwa tukikaa darasa moja msikitini. Nilidhani namsaidia, kumbe nilikuwa kizuizi.

Tangu hapo mengi yamejifunzwa. Mwaka 2011 yalichapishwa matokeo ya utafiti uliofanywa Hackney, hapa London, na katika mji wa Bristol. Zahanati 24, ambazo madaktari na wauguzi wake walifundishwa kutambua dalili na kuuliza kwa upole, ziliandika rufaa 223 za wanawake kwa washauri katika muda wa mwaka mmoja. Zahanati nyingine 24, ambazo hazikupata mafunzo hayo, ziliandika 12 tu. Wengi walikuwa wakingoja kuulizwa.

Kwa hiyo, maumivu ya kichwa yasiyokwisha, kukosa usingizi, hofu au majeraha yanaweza kumfanya daktari aulize kama nyumbani kuna amani. Wakunga nao hutakiwa kumwuliza kila mja mzito. Swali hili huulizwa mama akiwa peke yake. Basi nanyi akina baba, mkiombwa kusubiri nje msione mmevunjiwa heshima; hakuna aliyeshitakiwa.

Akina mama wayajue haya. Kwanza, mnaweza kuomba mkalimani wa kazi hiyo, bila malipo. Msimtumie mume, jirani, wala mtoto. Ni dhuluma kumtwika mtoto maneno ya namna hiyo. Pili, mtakayoyasema hayapelekwi kwa mume wala kwa jamaa. Daktari huweza kulazimika kuwaarifu wahusika iwapo mtoto au maisha ya mtu yamo hatarini. Tatu, tangu mwaka 2023 wagonjwa wengi wa Uingereza huweza kusoma kumbukumbu zao kwa simu. Ikiwa mume huishika simu yako, mwombe daktari aifiche habari hiyo isionekane humo. Nne, kujiandikisha kwa daktari wa mtaa hakuhitaji kuonyesha karatasi za uhamiaji.

Wapo watakaosema kwamba tunaanika siri za nyumba. Dini yetu imetufundisha sitara, lakini sitara haikuwekwa ili dhalimu apate pa kujificha. Wazee wetu walisema: mficha maradhi, kifo humfichua.

Asiyeweza kufika kwa daktari apige 0808 2000 247, simu ya taifa inayoendeshwa na shirika la Refuge. Ni bure, usiku na mchana.

Wabillahi tawfiq.