Uhai Uliolala Katika Vumbi la Rongai

Mwezi wa Februari hapa Rongai shamba huwa vumbi tupu, na mtu alipigapo jembe husema udongo huu umekufa. Sivyo. Ndani ya vumbi lile wamo vijidudu wasiohesabika, wadogo mno hata jicho haliwezi kuwaona, nao wanangoja mvua.

Kweli, wengi hufa kwa ukavu. Lakini walio hodari wana hila zao. Wengine hujifunika utando wa ute. Wengine huweka miilini mwao sukari iwalindayo maji yakiondoka. Na jamii iitwayo Basilasi hujigeuza mfano wa mbegu yenye ganda gumu, isiyokula wala kukua. Mwaka 1962 Bwana Sneath wa Uingereza alieleza jinsi udongo ulioshikamana na mizizi ya mimea mikavu iliyohifadhiwa makumbusho ulivyokutwa na vijidudu hao wangali hai baada ya miaka zaidi ya 300. Mimi niliyezoea kuona majalada ya ofisi yakiliwa na mchwa kabla ya miaka 10, nilistaajabu sana.

Habari impasayo mkulima, hata hivyo, ilipatikana karibu nasi, huko Muguga. Bwana H. F. Birch alikausha udongo, akaulowesha, akaukausha tena, huku akipima. Mwaka 1958 alitangaza kwamba udongo mkavu ukipata maji, vijidudu waliosalia huamka kwa pupa, wakala mboji pamoja na maiti za wenzao, wakapumua kwa nguvu siku chache, kisha wakatulia. Katika karamu hiyo nitrojeni iliyofungwa ndani ya mboji hufunguliwa, ikawa chakula cha mimea. Tena, kadiri udongo ulivyokaa mkavu siku nyingi, ndivyo karamu izidivyo.

Chakula hicho huyeyuka upesi, na mvua kubwa hukishusha chini mizizi isikofika. Mahindi yaliyopandwa mvua ianzapo hukiwahi; yaliyochelewa hukuta chungu kitupu. Jirani yangu mmoja alingoja trekta ya kukodi mpaka Mei. Mahindi yake yakawa ya manjano, naye akalaumu mbegu. Sisemi sababu ilikuwa hiyo moja tu, lakini mbegu ile ile kwangu ilistawi.

Nayo mboji hupungua kila karamu. Basi mabua yasichomwe, yarudishwe shambani pamoja na samadi.

Si vijidudu wote wavumiliao ukavu. Wale wa mizizi ya maharagwe, wauzwao katika pakiti, hufa upesi juani. Pakiti iwekwe kivulini penye ubaridi, na mbegu iliyopakwa ipandwe siku ile ile, udongo ukiwa umelowa.