Kung fu na qigong: mwanafunzi wa Bujumbura hufundishwa nini hasa?

Kwa vijana wengi wa Buyenzi na Kinama, kung fu ilifika kwanza kwa njia ya filamu. Walimjua Bruce Lee, kisha Jet Li, aliyepata umaarufu mwaka 1982 kwa filamu ya Hekalu la Shaolin, na katika vibanda vya video ngumi hazikuhitaji mkalimani. Lakini anayejiandikisha kujifunza sanaa hiyo kwa mwalimu wa Kichina hukutana kwanza na jambo asilolitarajia: kusimama.

Mkao huo huitwa mabu, yaani hatua ya farasi. Miguu hutanuliwa kupita upana wa mabega, magoti hukunjwa, mgongo huwa wima, kama mtu aliyempanda mnyama asiyeonekana. Mwanafunzi hukaa hivyo mpaka mapaja yatetemeke, na kesho yake hurudia. Hata neno lenyewe halina vita ndani yake. Kwa Kichina, kung fu ni umahiri unaopatikana kwa kazi na kwa muda mrefu. Mpishi hodari naye husemwa kuwa anayo. Mchezo wa mapigano Wachina huuita wushu.

Mjini Bujumbura, mlango unaofahamika zaidi wa kuingilia utamaduni wa Kichina ni Taasisi ya Confucius ya Chuo Kikuu cha Burundi, inayoshirikiana na Chuo Kikuu cha Bohai kilichoko mkoa wa Liaoning, kaskazini-mashariki mwa China. Uhusiano wa nchi hizi mbili ulianza Desemba 1963, ukakatika Januari 1965, ukarejeshwa Oktoba 1971. Kazi ya kwanza ya taasisi za namna hii kote duniani ni kufundisha lugha. Wushu, kaligrafia na nyimbo huambatana nayo.

Ugumu huanzia hapo hapo kwenye lugha, na hasa katika neno moja: qi. Qigong ni kazi, au mazoezi, ya qi. Je, qi ni nini kwa Kiswahili? Neno hilo hubeba maana ya hewa na mvuke, huingia katika neno la hali ya anga, na hata katika neno la kukasirika. Wafasiri wengine hulitia "roho", na papo hapo msikilizaji hudhani ameitwa kwenye mambo ya mizimu. Kirundi nacho hakiokoi, maana mpwemu ndilo neno wanalotumia Wakristo kwa Roho Mtakatifu. "Pumzi" haikamilishi maana yote, lakini inamfaa mwanafunzi anayeanza, kwa sababu pumzi ndiyo anayofundishwa kuiongoza: kuivuta polepole mikono inapopanda, kuiachia inaposhuka.

Katika mitaa yenye Waislamu wengi kama Buyenzi, swali la dini haliepukiki. Ni kweli kwamba Hekalu la Shaolin, lililojengwa mwaka 495 katika mkoa wa Henan, ni la Wabudha, na kwamba nadharia ya qi imechota mengi kwa Watao. Lakini salamu ya wushu, ngumi ya mkono wa kulia ikiguswa na kiganja cha kushoto, ni heshima kwa mwalimu na mwenzako, wala si ibada. Tena Waislamu wa China wenyewe, jamii ya Wahui, ni miongoni mwa waliobeba sanaa hizi. Wang Ziping, Mhui aliyezaliwa mwaka 1881 huko Cangzhou, aliongoza kitengo cha Shaolin katika Taasisi Kuu ya Guoshu iliyoanzishwa Nanjing mwaka 1928. Bwana huyo alikuwa pia tabibu wa mifupa, na alitunga mfululizo wa mazoezi ya afya.

Qigong inaonekana ya kale, na miondoko yake mingi ni ya kale kweli. Hata hivyo mpangilio wake wa sasa ni wa juzi. Neno hilo lilianza kutumika kama jina la tiba rasmi katika miaka ya 1950, kwa juhudi za Liu Guizhen aliyeongoza kituo cha afya cha Beidaihe. Miaka ya 1980 bustani za China zilijaa wafanya mazoezi na walimu waliodai miujiza. Julai 1999 serikali ilipiga marufuku kundi la Falun Gong, na tangu hapo mikusanyiko ya qigong ikawekwa chini ya uangalizi. Mwaka 2003 idara ya michezo ya China ilitangaza mifululizo minne iliyosanifishwa, ukiwemo Baduanjin wenye miondoko minane. Huo ndio mara nyingi mgeni hufundishwa kwanza, kwa kuwa ni mfupi na hauhitaji kifaa chochote.

Msomaji wa Bujumbura hatashangaa kusikia kwamba mazoezi ya pamoja yanaweza kuwatia viongozi wasiwasi. Machi 2014, baada ya makabiliano kati ya polisi na wafuasi wa chama cha upinzani cha MSD, mbio za vikundi zilizozoeleka kila mwisho wa juma ziliwekewa mipaka mjini humo.

Je, mazoezi haya yanatibu? Yapo yaliyopimwa. Utafiti uliochapishwa mwaka 2012 nchini Marekani, uliowahusisha wagonjwa 195 wa Parkinson, ulionyesha kwamba waliofanya taijiquan mara mbili kwa juma kwa majuma 24 walipata uthabiti zaidi wa mwili, na walianguka mara chache kuliko waliofanya mazoezi ya kunyoosha viungo. Hiyo ni faida kubwa kwa mzee. Ila hakuna utafiti wa kuaminika unaoonyesha kwamba qi ya mwalimu huponya saratani au malaria. Mwalimu anayemwambia mgonjwa wa kisukari au wa shinikizo la damu aache dawa zake anamhatarisha maisha, awe ametoka Beijing au Kamenge.

Kwa kijana, jambo kubwa zaidi ni safari na riziki. China hutoa ufadhili kupitia Taasisi za Confucius, na miongoni mwa kozi zake imekuwepo ya muhula mmoja ya utamaduni wa taiji. Masharti hubadilika, lakini cheti cha HSK, mtihani wa Kichina, humweka mwombaji mbele. Kijana wa Kinama mwenye mateke mazuri bila Kichina huachwa nyuma na mwenzake aliyekaa darasani. Na muhula mmoja haumfanyi mtu mwalimu: nchini China ngazi za wushu, ziitwazo duan, ni tisa.

Njia nyingine ni ya mashindano. Januari 2020 Kamati ya Kimataifa ya Olimpiki iliuingiza wushu katika Michezo ya Vijana ya Dakar, iliyopangwa awali kufanyika 2022 kisha ikasogezwa hadi 2026. Hiyo ni mara ya kwanza kwa wushu kuwekwa katika ratiba rasmi ya michezo ya Olimpiki, na mara ya kwanza kwa michezo ya Olimpiki kupangiwa bara la Afrika.