Panga Nyimbo Kabla ya Kuupanda Mlima

Kila mwisho wa mwaka, wakazi wengi wa Nairobi, Machakos na Mombasa ambao asili yao ni Mbooni hurejea nyumbani. Mwaka mzima wamekuwa wakishinda wameketi, ofisini na ndani ya matatu. Wanapofika kule juu Kikima, ambako hewa ni baridi na kila njia ama inapanda ama inateremka, wengine huamua kwamba wakati umewadia wa kuanza yale mazoezi ambayo daktari amekuwa akiwahimiza. Mtu huvaa raba alfajiri, akatia spika ndogo masikioni, akafungulia mseto wa nyimbo za roki alioutengeneza mwenyewe katika simu, na kuanza kuukabili mlima.

Mimi sina ugomvi na roki. Nilikua nikirekodi nyimbo hizo kutoka kwa redio, na kaseti ya dakika 60 ilinifunza mapema kwamba kila upande una nusu saa tu, kwa hivyo lazima mtu aamue ni upi utangulie na ni upi ufuate. Siku hizi simu haina upande wa pili. Watu humimina nyimbo 40 bila mpango, na aghalabu ule wenye kishindo kikubwa kuliko zote huwekwa mwanzoni kwa sababu ndio unaopendwa.

Hapo ndipo hatari ilipo. Moyo uliokuwa ukipiga mara 70 kwa dakika hutakiwa kukimbia ghafla kabla ya mishipa ya damu kutanuka na misuli kupata joto. Kwa kijana hilo huenda lisilete neno. Kwa mtu wa miaka 45 mwenye shinikizo la damu, ambaye pengine hajui kwamba analo, ni jambo jingine. Isitoshe, muziki una tabia ya kuuficha uchovu. Costas Karageorghis wa Chuo Kikuu cha Brunel, Uingereza, ambaye amechunguza muziki na mazoezi kwa miaka mingi, ameonyesha kwamba mtu afanyaye mazoezi ya wastani huku akisikiliza wimbo unaomfaa huhisi kazi ni nyepesi kuliko ilivyo. Hiyo ndiyo faida ya muziki. Lakini mazoezi yakiwa makali mno hila hiyo hupungua nguvu, na mtu hugutuka akiwa tayari anatweta katikati ya mlima.

Basi mseto upangweje? Anza kwa kuhesabu. Sikiliza wimbo, hesabu midundo kwa sekunde 15, kisha zidisha kwa nne. Katika ardhi tambarare, hatua 100 kwa dakika huhesabiwa kuwa mwendo wa wastani kwa watu wazima wengi, yaani mwendo unaokuruhusu kuzungumza lakini haukuruhusu kuimba. "Eye of the Tiger" wa kundi la Survivor, uliotoka mwaka wa 1982, una midundo 109 hivi. "Another One Bites the Dust" wa Queen unakaribia 110. Hizo ni nyimbo za kutembea, ingawa wengi hudhani ni za kukimbia. "Livin' on a Prayer" wa Bon Jovi una 123 hivi, na huo ungojee hadi uwe umetembea robo saa.

Dakika tano hadi kumi za kwanza ziwe za nyimbo za polepole. "Stairway to Heaven" wa Led Zeppelin, wa mwaka wa 1971, wafaa sana hapa, kwani huchukua dakika nane, huanza kwa utulivu na kuongeza kasi kidogo kidogo, jinsi mwili unavyotaka. Ila usiuweke katikati. Wimbo unaobadilisha kasi ukiwekwa katikati humwacha mtembeaji njiani, miguu ikienda na muziki umeketi. "Bohemian Rhapsody" una ila hiyo hiyo, hata uwe mtamu namna gani.

Hayo ni ya Uhuru Park. Mbooni hali ni tofauti, na wengi hukosea kwa kuuchukua mseto wa mjini na kuupeleka mlimani. Hatua 100 za kupanda si sawa na hatua 100 za tambarare, kwani kila hatua unauinua uzito wako wote. Kwa hivyo kwenye mwinuko weka nyimbo zilizo chini ya midundo 100, ufupishe hatua, na uiache ile ya midundo 120 kwa sehemu iliyo sawa. Tembea njia yako mara moja bila muziki, utazame saa: mwinuko unachukua dakika ngapi, tambarare ngapi, mteremko ngapi. Nyimbo zifuate njia hiyo. Mteremko nao huwahadaa watu, kwa kuwa moyo umepumzika na mtu hujiona ana nguvu mpya. Wimbo wa kasi hapo hurefusha hatua, na magoti ndiyo hulipa. Nimewatibu wengi waliopanda salama wakaumia wakishuka.

Anayechoshwa na gitaa za Wazungu asihangaike. Benga ya Kikamba ya akina Kakai Kilonzo na Les Kilimambogo Brothers, au ya Lower Mbooni Boys Band, yafaa vilevile. Nyimbo nyingi za enzi ile zilitolewa katika santuri ndogo zenye pande mbili: upande wa kwanza ukiwa wa kuimba, wa pili gitaa likishika kasi. Mpangilio ninaouzungumzia wanamuziki wetu waliujua zamani.

Mwisho wa mseto husahaulika kuliko mwanzo. Ukisimama ghafla baada ya kazi kubwa, damu hubaki miguuni na kizunguzungu huja. Weka dakika tano au zaidi za nyimbo zinazopungua kasi. "Hotel California" wa Eagles ungali na kazi. Kisha acha kimya. Mwaka wa 2006 Luciano Bernardi na wenzake walichapisha katika jarida la Heart uchunguzi wa watu 24 waliosikilizishwa muziki wa aina mbalimbali wakiwa wamepumzika. Muziki wa kasi ulipandisha mapigo ya moyo na shinikizo la damu, na kimya cha dakika mbili katikati kiliyashusha chini hata kuliko yalivyokuwa kabla ya muziki kuanza.

Wanaotumia dawa wazingatie haya. Atenolol na propranolol hupunguza mapigo ya moyo, kwa hivyo usijipime kwa kuhesabu mapigo na kudhani bado una nafasi ya kuongeza kasi. Jipime kwa pumzi na mazungumzo. Mwenye kisukari anayedungwa insulini au kumeza glibenclamide abebe kitu kitamu mfukoni. Maumivu ya kifua, au ya mkono wa kushoto au taya, yakija pamoja na jasho baridi, zima muziki, keti, na utafute usafiri wa hospitali bila kungoja wimbo uishe.

Sauti nayo isipite asilimia 60 ya uwezo wa simu, na sikio moja liachwe wazi. Barabara za huko zina kona nyingi, na mwenye bodaboda anayeteremka huenda amezima injini ili kuokoa mafuta.