Dozi Nyumbani: Nani Amebeba Mzigo? (Sehemu ya Pili)

Wiki iliyopita tulieleza utaratibu wa mgonjwa wa kifua kikuu kumeza dawa mbele ya shahidi, uliolelewa Tanzania tangu mpango wa taifa wa kifua kikuu na ukoma uanze mwaka 1977. Shahidi wa kwanza alikuwa mhudumu wa zahanati. Tangu mwaka 2006 mgonjwa amepewa hiari ya kumezea dawa nyumbani, mbele ya msimamizi aliyemchagua mwenyewe: mke, mama, au jirani.

Kwenye kadi ya matibabu kila dozi ina alama yake. Alama hiyo haisemi kama mgonjwa aliifuata dawa mwenyewe au mama alimbembeleza asubuhi nzima. Tofauti hiyo ni kubwa. Miezi 2 ya mwanzo, yenye dawa 4, kikohozi na homa vyenyewe humhimiza mgonjwa. Inayofuata ni miezi 4 ya dawa 2. Mwili umerudi, kazi zimeanza, na ndipo dozi zinaporukwa. Mzigo wa msimamizi huzidi wakati ule ule majirani wanapompongeza mgonjwa kwamba amepona.

Nairobi walijaribu njia ya simu, na matokeo yake yalichapishwa mwaka 2019. Mgonjwa alikumbushwa kila siku, naye akathibitisha kwa simu kwamba amemeza. Akikaa kimya, alikumbushwa tena, kisha wasaidizi wakamtafuta. Waliotibiwa bila mafanikio walikuwa asilimia 4.2, dhidi ya asilimia 13.1 kwa waliopata huduma ya kawaida.

Mimi naona kipimo cha nani amebeba mzigo kimo ndani ya ngazi hizo za kukumbushwa na kutafutwa. Badala ya alama moja, tuandike hesabu tatu: siku ambazo mgonjwa alimeza bila kuambiwa, siku alizomeza baada ya kukumbushwa, na siku ambazo ilibidi mtu amfuate. Kaya ambayo karibu dozi zake zote zimo katika hesabu ya tatu iko hatarini hata kama kadi yake imejaa, kwa sababu msimamizi akisafiri kwenda msibani, matibabu yanasimama. Mhudumu anayeziona hesabu hizo mapema atamtafuta msimamizi wa pili kabla ya safari hiyo.

Hesabu hizi zisigeuzwe hati ya mashtaka. Mgonjwa anayeogopa kukaripiwa atajibu kwamba amemeza hali kidonge kiko mfukoni, na msimamizi anayeogopa lawama atamfichia. Tena vijijini simu moja huweza kuwa ya watu wawili au watatu. Ujumbe wa mke husomwa na mume, na jibu huenda likatoka kwa mwenye simu. Ndiyo maana nasisitiza kwamba kila mwezi, dawa zinapochukuliwa, mgonjwa na msimamizi waulizwe kila mmoja peke yake, na msimamizi aulizwe pia hali yake mwenyewe: analala, anakula, na je, naye amekwisha kupimwa kifua kikuu?